Fundi Aliyeshindwa na Lifti ya Nyumbani

Lifti iliharibika Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na aliyeiharibu ndiye aliyekuwa akilipwa kuitengeneza.

Hakutumia nyundo. Alipanda nayo mpaka juu kabisa, akaingia chumba cha mashine kilichoko kwenye paa, akakata umeme, akahesabu mpaka kumi kama alivyofundishwa ujanani, akafungua sanduku la nyaya na kuchomoa rilei moja. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, na kazi yake ni kuipa mota ruhusa ya kuzunguka. Akakivingirisha ndani ya kitambaa, akakitia mfukoni, akarudisha umeme. Kisha akashuka kwa miguu, kwa mara ya kwanza tangu ahamie jengo lile, akitetemeka kama mwizi wa kuku.

Chini kabisa akabandika karatasi kwenye mlango: LIFTI MBOVU. SPEA IMEAGIZWA. Kabla ya saa moja kamili mtu alikwishaongeza kwa kalamu nyekundu: NA FUNDI PIA AAGIZWE.

Wala hakuwa fundi wa kubahatisha. Mjini ilisemekana kwamba akiweka sikio kwenye mlango wa lifti anaisikia nati iliyolegea ghorofa ya kumi. Ilisemekana kwamba lifti ya benki iliwahi kugoma siku tatu, mafundi wanne wakaikimbia, yeye akafika, akaikemea mara moja tu, ikashuka yenyewe kwa aibu. Nusu ya hayo ni uongo, lakini ni uongo wa watu waliomheshimu.

Na kwa sababu hiyo, nyumbani kwake ghorofa ya saba, ngazi zilikuwa tusi. "Ngazi ni za siku ya moto," alizoea kusema. Familia ya fundi lifti kuonekana inapanda ngazi ilikuwa sawa na mke wa kinyozi kwenda kumnyolesha mtoto mtaa wa pili. Binti yao alikuwa amefika miaka kumi na mmoja bila kupanda ghorofa tatu mfululizo. Lifti ilimlea, na baba yake aliilea lifti.

* * *

Ijumaa iliyotangulia walikuwa kliniki wote watatu: baba, mama na huyo binti, ambaye jengo zima lilimwita Kibibi kwa sababu tangu mdogo alipenda kukaa kitako na kutoa maoni.

Nesi alimpima, akamsikiliza kifua, kisha akamwonyesha ngazi za kliniki. "Panda mpaka ghorofa ya tatu, ushuke, halafu uniambie unaitwa nani, uko darasa la ngapi na unapenda nini."

Wakasubiri. Nesi akamaliza faili mbili. Kibibi akarudi ameegemea ukuta, uso umelowa kama aliyetoka kuoga.

"Mimi naitwa..." Akavuta pumzi. "Kibi..." Akavuta nyingine.

"Kaa, mwanangu." Nesi akawageukia wazazi. "Moyo mzima, mapafu mazima. Mtoto haumwi. Mwili wake ndio haufanyi kazi yoyote. Anacheza nini shuleni?"

Fundi akatazama viatu vyake. Mkewe ndiye aliyejibu. "Netiboli walimtoa siku ya pili. Mpira wa wavu wakasema anaukwepa mpira badala ya kuupiga. Mbio za kupokezana, wenzake walikataa kumpa kijiti."

"Sasa hivi niko timu zote," Kibibi akasema, pumzi imemrudia. "Nalinda viatu."

"Na masweta," mama yake akaongeza kwa sauti ndogo.

Nesi hakucheka. "Sikusema timu mimi. Kuna watoto mpira hauwapendi, na wao hawaupendi, basi, yaishe. Atembee, apande, abebe, atoke jasho kila siku. Mnarudi baada ya wiki sita. Atapanda ngazi zile zile, atashuka, na atanipa sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa nampeleka hospitali kubwa, huko wataanza na sindano na mashine."

Kibibi aliposikia sindano alimshika baba yake mkono, akaubana mpaka pete ya ndoa ikamuumiza.

Jumamosi fundi akanunua mpira, akamtoa binti yake uani. Akaurusha polepole, kama anayempa mtu yai. Ukamgonga Kibibi kwenye paji la uso. Watoto wa jengo, waliokuwa wamejipanga juu ya ukuta kama ndege, wakapasuka kwa kicheko. "Gunia! Gunia limepigwa!" Fundi akaununua ugomvi, akawafukuza kwa kandambili, na Kibibi akatumia nafasi hiyo kurudi ndani kwa lifti.

Jumapili akamwamuru apande ngazi. Alipofika ghorofa ya pili mtoto akakaa, akalia kidogo, akasimama na kubonyeza kitufe. "Baba," akasema mlango ulipofunguka, "si lifti ipo?"

Lifti ilikuwepo kweli. Na fundi mwenyewe ndiye aliyeifanya iwepo, siku zote, bila kukosa, kwa miaka kumi na mmoja.

Usiku huo hakulala, na asubuhi yake mnaijua.

* * *

Sasa kuficha. Mtu mwenye akili timamu angeificha rilei kazini kwake, au juu ya kabati. Fundi yeye alitaka kitu kiwe karibu, mahali penye vidude vingi vidogo, kisionekane. Mkewe alikuwa na duka la ushonaji pale pale chini, mlango wa tatu kutoka kwenye lifti, na rafuni kulikuwa na kopo kubwa la vifungo. Akaitumbukiza humo.

Hakuwaza kwamba fundi cherehani huingiza mkono kwenye kopo lake la vifungo mara thelathini kwa siku, wala kwamba Kibibi ndiye aliyepewa kazi ya kuvipanga kwa rangi kila Jumamosi.

Mkewe aliikuta Jumanne, saa moja asubuhi, akitafuta kifungo cha sare. Aliishi na fundi lifti; aliijua rilei kama anavyojua bobini ya cherehani yake. Akaitazama, akaitazama karatasi ya mlangoni, akasikia kule ngazini mtoto wake anavyohema akielekea shule huku akishikilia reli. Akairudisha koponi na kuifunika kwa vifungo vyeusi, vile vya mashati ya mazishi ambavyo havitafutwi sana.

Kwa nini hakusema? Kwa sababu mume angeona haya, na mume mwenye haya angeirudisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi. Kibibi alipumzika mara saba kupanda, na mara mbili hata kushuka. Ghorofa ya nne alikaa kabisa, akafungua begi, akafanya hesabu za nyumbani, akazimaliza, ndipo akaendelea.

Baba yake aliumia upande wa pili. Kila aliyepita alikuwa na neno.

"Fundi, lifti za mji mzima zinakutii, hii ya nyumbani inakuuliza wewe nani?"

"Spea inakuja, ndugu yangu."

"Inakuja kwa miguu?"

Mama mjamzito wa ghorofa ya tano ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, na alikuwa na haki. "Mtoto huyu akizaliwa ngazini nitampa jina lako," alimwambia. Fundi akamwamkia kwa adabu, akampokea vikapu, akavibeba mpaka mlangoni kwake. Akabeba na mtungi wa gesi wa jirani yake. Kufikia Ijumaa alikuwa akiamka saa kumi na moja ili abebe vitu vya watu kabla ya kwenda kazini, na watu, kwa kuona anabeba, wakaanza kununua vitu vizito zaidi.

Aliyetaabika hasa alikuwa Mwalimu Mstaafu wa ghorofa ya sita. Magoti yake yalikwishastaafu kabla yake. Asingeweza kushuka hata ghorofa moja. Fundi akaligundua hilo. Akaapa kila Jumamosi atambeba mgongoni mpaka chini, amkalishe dukani kwa mkewe apige soga, na saa kumi amrudishe. Gazeti lake la kila siku likawa kazi ya Kibibi.

"Nani atampelekea Mwalimu gazeti?" fundi alikuwa ameuliza mezani, kama mtu anayewaza kwa sauti.

"Mimi. Yuko njiani mwangu," Kibibi akasema, kwa majonzi. "Ukikaa ghorofa ya saba kila mtu yuko njiani."

* * *

Wiki ya pili, Jumamosi, akipanga vifungo, Kibibi aliikuta rilei.

Alijua ni nini kabla hajaishika vizuri. Alikuwa amekua akishika taa baba yake anapofungua masanduku ya nyaya. Akageuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia cherehani, anakanyaga kama anayekimbizwa. Kibibi akairudisha. Akachagua vifungo vyeusi akavimwaga juu yake.

Na yeye kwa nini hakusema? Wiki mbili kabla angepiga kelele mpaka paa lisikie. Lakini kitu kilikuwa kimetokea kule ngazini, na alikuwa bado anakichunguza.

Kwanza, ngazini hapakuwa na timu. Hakuna aliyesimama mstari akisubiri kuchaguliwa wa mwisho. Ukichoka unakaa, na hakuna anayepoteza mechi. Pili, ngazi zilikuwa na habari. Ghorofa ya kwanza kulikuwa na kijana anayejifunza tarumbeta, na kila siku alikosea pale pale. Ya tatu kulikuwa na ndugu wawili wasiosemezana, wanatumiana ujumbe kwa kupitia kwa paka. Ya tano, yule mama mjamzito alikuwa akimuimbia mtoto wa tumboni nyimbo za matangazo ya sabuni. Maisha yake yote Kibibi alikuwa akipitishwa katikati ya mambo hayo ndani ya sanduku la bati.

Tatu, Mwalimu. Kila alipofikisha gazeti, mzee alikuwa amekaa kitini mlangoni na saa ya mkono.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Habari nimezisoma usoni mwako, hilo gazeti la nini?"

"Nimepumzika... mara nne tu."

"Jana mara tano. Kesho nitakuuliza swali, na nataka jibu kabla hujakaa."

Kesho yake ikawa swali, keshokutwa swali refu zaidi. Kibibi, aliyependa kutoa maoni kuliko kula, aligundua jambo la kuudhi: mtu asiye na pumzi hana maoni. Alikuwa akifika na jibu zuri kichwani na halitoki. Hapo ndipo alipoanza kupanda kwa akili. Polepole mwanzoni, mkono kiunoni, hesabu mdomoni.

Na hesabu ndiyo iliyomletea ushindi wake wa kwanza.

"Baba, kutoka chini mpaka hapa kuna ngazi ngapi?" aliuliza wiki ya tatu, wakiwa mezani.

"Kumi na nane kila ghorofa. Mara saba. Mia moja na ishirini na sita."

"Mia moja na ishirini na tano."

"Mwanangu, jengo hili nalijua kama kiganja changu."

"Unalijua kwa lifti. Kupanda kwenda ghorofa ya tatu kuna kumi na saba. Wajenzi waliiba moja."

Fundi akacheka, mkewe akacheka, Kibibi hakucheka. Ikabidi washuke wote, wenye vijiko mkononi, wakahesabu kwa sauti mbele ya paka wa ghorofa ya tatu. Kumi na saba. Fundi akasimama pale akiwa ameshika kijiko, akamtazama mtoto wake: alikuwa ameshuka ghorofa tano anabishana, na sasa alikuwa anapanda tena bado anabishana. Hakumkatiza. Angekubali wajenzi wawe wameiba jengo zima.

* * *

Jumamosi ya wiki ya nne, Mwalimu akiwa mgongoni, wakishuka.

"Polepole, Fundi. Nina mifupa, sina spea."

"Samahani Mwalimu."

"Wiki ya nne hii unanibeba. Hujaguna hata mara moja."

"Nigune vipi, mzee wangu?"

"Mtu asiye na kosa angeguna."

Fundi alikuwa kwenye ngazi zile zenye upungufu. Mguu wake ukaitafuta ile ya kumi na nane, ukaikosa, na nusura wote wawili wafike chini kabla ya wakati. Mwalimu alimpiga fundi kofi dogo begani, kama mpanda punda anayemwambia mnyama wake nimekuelewa, twende.

Aliyekuwa haelewi ni Mwenyekiti wa kamati ya wakaazi. Mama huyu aliishi ghorofa ya pili na hakuwa na shida na ngazi, lakini alikuwa na shida na kushindwa. Wiki ya tano aliingia dukani, akasimama mbele ya cherehani, mikono kiunoni.

"Mama Kibibi, mwambie mzee wako. Jumamosi ijayo kama lifti haijatembea namleta fundi mwingine. Nimempata kijana anaitwa Injinia. Ana cheti cha ukutani. Akiikuta shida na kuiondoa, mkataba ni wake."

"Spea inakuja, Mwenyekiti."

"Hiyo spea imeagizwa wapi, mwezini?"

Mke akamwambia mume. Mume akahesabu siku. Kliniki ilikuwa Jumatatu baada ya Jumamosi hiyo. Siku mbili! Angeirudisha rilei Ijumaa na mkataba ungekuwa salama, na hakuna aliyemzuia. Lakini Alhamisi alimsikia Kibibi akipanda. Alikuwa anaimba. Wimbo wa tangazo la sabuni, beti zote, kutoka ghorofa ya nne mpaka ya sita, na akapumzika mara moja tu. Fundi akasema moyoni: bado hiyo moja. Akaiacha rilei ilipo.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi, Mwenyekiti na Injinia walipita mbele ya duka. Injinia alikuwa amevaa ovaroli nyekundu mpya, ina mikunjo ya dukani bado, na begi la vifaa linalong'aa. Mwenyekiti alikuwa na ufunguo wa kamati mkononi, anauzungusha kidoleni.

"Tunakwenda juu," akamwambia Mama Kibibi bila kusimama.

Mama Kibibi akaacha kukanyaga cherehani. Injinia angefungua lile sanduku, angeona pengo la rilei, wazi kama jino lililong'oka. Na pengo halisemi "spea haijafika". Pengo linasema "mtu amechomoa". Mumewe wakati huo alikuwa juu, anamshusha Mwalimu.

Akanyoosha mkono kwenye kopo la vifungo. Mkono mwingine ulikuwa umetangulia.

Mama na mtoto wakatazamana juu ya kopo.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Wiki ya pili. Na wewe?"

"Siku ya pili."

"Mama!"

"Kelele baadaye. Unajua inapokaa?"

"Safu ya juu, ya tatu kutoka kushoto."

Mama akainuka nusu, akakumbuka mguu wake wa kulia, ule wa cherehani, uliovimba tangu jana. Akamtazama mtoto ambaye shule nzima ilimwona anafaa kulinda viatu. Akamfumbatisha kidude kiganjani.

"Kimbia," akasema.

Na Kibibi akakimbia!

Ghorofa ya kwanza, tarumbeta ikakosea pale pale. Ya pili. Ngazi kumi na saba, akaziruka mbili mbili, akijua ya mwisho haipo. Kati ya tatu na nne akakutana na baba yake, Mwalimu mgongoni, uso wa baba umekuwa wa majivu, kwa sababu dakika moja tu kabla Mwenyekiti alikuwa amempita na kumwambia, "Ah, Fundi, endelea na mzigo wako, sisi tunakwenda kuangalia kilichokushinda." Hakuweza kumtua mzee ngazini. Hakuweza kugeuka. Alichoweza ni kutoka jasho.

Kibibi akafungua kiganja. Baba akaiona rilei. Akasimama katikati ya njia.

"Mpishe mtoto, Fundi!" Mwalimu akafoka kutoka juu ya bega. "Pumzi kwenye pua, Kibibi! Mkono kiunoni!"

Ya nne. Ya tano, mama mjamzito akachungulia: "Kuna moto?" "Hakuna, mama, shikamoo!" Kati ya tano na sita, Injinia alikuwa amekaa chini. Cheti chake hakikuwa na ngazi. Mikunjo ya ovaroli ilikuwa imelowa, na Mwenyekiti alikuwa anampepea kwa faili.

"Shikamoo Mwenyekiti, naomba njia."

"Marahaba. Unakimbilia wapi?"

"Nyumbani!"

Hakudanganya. Ghorofa ya saba aliingia kwao, akachomoa ufunguo wa akiba kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka. Kifua kilikuwa kinawaka sasa, miguu imekuwa ya watu wengine. Ya nane. Ngazi kumi na nne za mwisho za chuma, mpaka paani. Chini yake alisikia sauti ya Mwenyekiti, "Inuka, baba, umelipwa usafiri."

Akafungua chumba cha mashine. Akakata umeme. Mkono ukataka kwenda moja kwa moja, lakini akausimamisha. Moja, mbili, tatu. Viatu vikaanza kugonga ngazi za chuma. Nne, tano, sita. Injinia anahema kama mota kuukuu. Saba. Nane. Tisa. Baba yake alimwambia wanaoishia tisa hawazeeki. Kumi. Safu ya juu, ya tatu kutoka kushoto, *tak*. Akarudisha umeme, akatoka, akajitupa nyuma ya tangi la maji, na mlango ukasukumwa.

Kisha sauti ya Injinia, kwa mkato.

"Hii... lifti... Mwenyekiti... nzima."

"Nzima vipi?"

"Sikiliza... inanguruma."

Kule chini Mama Kibibi alikuwa amekiona kitufe kikiwaka, akapiga vigelegele. Vigelegele vikapanda ngazi haraka kuliko mtu yeyote siku hiyo, na kila ghorofa milango ikafunguka, na kila mtu, kwa furaha ya wiki sita, akabonyeza kitufe. Kwa hiyo Mwenyekiti na Injinia walipoingia lifti ghorofa ya nane, ilisimama ya saba, ikasimama ya sita, ikasimama ya tano ikapakia mama mjamzito, ikasimama ya nne.

Kibibi alikuwa anashuka kwa miguu. Aliipita lifti kwenye ghorofa ya tatu.

Alipofika chini, fundi alikuwa ameshamkalisha Mwalimu kwenye kiti cha duka, na mke amesimama mlangoni, na jengo karibu lote limejaa pale ukumbini. Kibibi akasimama mbele ya baba yake, mgongo ameupa mlango wa lifti. Alikuwa na jasho mpaka kwenye kope. Akafungua mdomo.

Juu ya kichwa chake taa ya lifti ikaonyesha moja, kisha sifuri. Fundi akaiona. Akaanza kutikisa kichwa. Mkewe akakohoa. Kibibi alidhani wanastaajabu.

"Baba nimeirudisha ile rilei uliyoificha kwenye kopo la vifungo, nimekata umeme nikahesabu mpaka kumi ingawa nilikuwa namsikia Injinia anahema mlangoni, nimeichomeka pale pale ulipoichomoa, nikajificha nyuma ya tangi, nikashuka ngazi zote mia moja na hamsini na saba bila kusimama, na Mwenyekiti hatajua kamwe kwamba lifti ilikuwa nzima wiki zote sita na wewe ulikuwa unalidanganya jengo zima ili mimi nitembee!"

Hakukata pumzi hata mara moja. Alikuwa na pumzi ya kutosha kumnyongea baba yake, na ikabaki.

Nyuma yake mlango wa lifti ulikuwa wazi. Ndani alikuwemo Mwenyekiti, na Injinia, na mama mjamzito, na ndugu wawili wasiosemezana na paka wao.

"Fundi," Mwenyekiti akasema.

"Naam, Mwenyekiti."

"Nimesikia vizuri?"

Fundi akamtazama mama mjamzito, akamtazama Mwalimu. Hapo hakutafuta uongo mwingine. "Umesikia vizuri. Nimewakosea nyote. Nilitaka mtoto apate pumzi nikawatoa nyinyi pumzi. Mkataba mpeni mwingine, sitasema kitu."

Injinia akainua mkono, bado amekaa sakafuni mwa lifti. "Mimi... jengo hili... sirudi."

Mtu mmoja akacheka. Alikuwa Mwalimu. "Mwenyekiti, mimi ndiye niliyefungiwa ghorofa ya sita, mwenye kesi ni mimi. Wiki sita nimebebwa kama mfalme, na kila siku nimepata mtu wa kubishana naye. Lakini adhabu apate."

"Ataipata." Mwenyekiti akatoka ndani ya lifti, akaichana ile karatasi ya mlangoni, maandishi mekundu na yote. "Wiki sita, Fundi. Wewe na familia yako lifti hii hamuipandi. Na mizigo ya jengo utabeba kama ulivyokuwa unabeba."

Fundi akainamisha kichwa. Kibibi alitazama mmoja baada ya mwingine, akisubiri waitaje hiyo adhabu yenyewe.

* * *

Jumatatu nesi alimkuta Kibibi amesimama mezani kwake kabla hajamaliza kufungua faili. Ghorofa tatu kupanda, ghorofa tatu kushuka, na kwenye kope palikuwa pakavu.

"Umefika kweli juu?"

"Ngazi zenu ziko hamsini na nne," Kibibi akasema. "Nyinyi hamkuibiwa."

Nesi akaweka kalamu chini. "Haya, mwanangu. Nipe sentensi moja nzima. Yoyote unayotaka, ndefu kadiri unavyoweza."

Kibibi akavuta pumzi, na kifua kikajaa.

"Fupi," fundi akasema haraka, akiinuka kitini. "Nakuomba, mwanangu. Fupi."